Mkwewe hataki bebi shawa, tufanyeje?

*Asalaam alaikum shangazi. Shoga yangu ana mimba ya miezi saba, ndiyo ya kwanza. Sisi wenziwe 25 tumechanga elfu kumi kumi tumfanyie bebi shawa: ukumbi, keki na mabaluni. Mkwewe kasikia, kasema mtoto hajazaliwa hanunuliwi kitu. Tunafikiria tufanye kimyakimya, tumshitukize. Unasemaje?*
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Waalaikum salaam, mwanangu.

La kumshitukiza liacheni kabisa. Nyinyi mkishaondoka, atakayebaki kuulizwa na mkwewe ni yeye. Na hofu ya yule bibi msiidharau: wapo waliorudi kutoka hospitali mikono mitupu wakakuta kabati limejaa nguo za mtoto. Mtumeni mtu mzima, mama au shangazi wa mmoja wenu, akazungumze naye kwa upole. Amwambie kuwa siku hiyo anatunzwa mama tu. Vitu vya mtoto vitafungwa na kuwekwa kwa mmoja wenu, vipelekwe akishajifungua salama. Wakwe wengi hukubali hapo, na mkimuomba aje atie dua, atakuja.

Zawadi ya mama ni khanga. Doti tatu, yaani vipande sita, zitamtosha: viwili vya kujifunga, viwili vya kumpokelea mtoto, viwili vya akiba. Khanga mpya ina wanga, inateleza na hainyonyi maji, kwa hivyo ifueni kwa sabuni mara mbili na kuianika juani kabla ya kumpa. Mkienda Darajani, someni jina kabla ya kulipa. Khanga ya kijembe ikifunguliwa mbele ya mkwe, hakuna atakayeamini kuwa hamkukusudia. "Nani kama mama" haimchomi mtu. Ongezeni pedi kubwa za uzazi, sabuni na sidiria mbili za kunyonyeshea, awe na mkoba wa hospitali uliokamilika.

Kwa upande wa mtoto, orodha iwe moja na aishike mtu mmoja, kila kilichonunuliwa kikatwe. Bila ya hivyo mtapata pakiti kumi za nepi za kichanga, na mtoto huzipita katika wiki chache. Nguo za kichanga ziwe chache, nyingi ziwe za miezi mitatu hadi sita, pamba nyepesi. Mablanketi mazito hayana kazi katika joto letu. Chandarua kidogo cha mwavuli kina kazi kila siku. Chupa na maziwa ya kopo msilete: miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi. Asali asubiri mpaka atimize mwaka. Wanja pia muuacheni, baadhi yake una madini ya risasi.

Ukumbi hapana, utakula fedha yote. Fanyeni nyumbani, mimba ikiwa kati ya wiki ya 30 na ya 34, baada ya swala ya alasiri na mmalize kabla ya magharibi. Yeye akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu juu ya kigoda, karibu na choo. Nyinyi kaeni mkekani. Chetezo cha udi kiwe uani, moshi ndani ya chumba kilichofungwa humkaba. Akitaka kupakwa hina, iwe ya majani. Piko asiguse, ile ni rangi ya nywele na huweza kuchoma ngozi ikaacha makovu. Na picha za tumbo haziendi kwenye mitandao mpaka aseme ndiyo mwenyewe.

Wakati ule watu wameshakula mchana, hivyo pilau haihitajiki. Sambusa 75, katlesi 50, visheti vya kilo moja ya unga, na juisi ya ukwaju au bungo lita 12. Nyama ya sambusa ipoe kabisa kabla ya kufungwa. Ikiwa na moto, manda hulowa, na kwenye mafuta hupasuka. Maji ya juisi yachemshwe, na ya barafu vilevile, maana hapo ndipo wengi wanaposahau. Vyenye nyama visikae mezani zaidi ya saa mbili. Muulizeni mapema kama kliniki wamemwambia ana sukari, mpunguze visheti na mumuwekee matunda.

Keki ndogo inatosha, mabaluni si lazima.

Katika hizo 250,000, tengeni 50,000 kabla ya kununua chochote na mpeni mkononi. Hiyo ni ya gari siku uchungu utakapomshika, na uchungu hauchagui saa. Mtafuteni dereva wa mtaani anayepokea simu usiku, namba yake aihifadhi yeye, mumewe na mkwewe.