Re: Kwa nini Ferrari ya Fangio 1956 ina V8?
Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini gari la Ferrari ambalo dereva Fangio alitwalia ubingwa wa dunia wa Formula One 1956 lina injini ya V8 (silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V), ilhali Ferrari za 1955 zilikuwa na silinda 4.

Lile kwa asili ni Lancia D50, kazi ya mhandisi Vittorio Jano. Ascari, dereva mkuu wa Lancia, alifariki kwenye uwanja wa mbio wa Monza Mei 1955, Lancia nayo ilikuwa imebanwa na fedha, basi Julai magari yakakabidhiwa kwa Ferrari.

Kwenye picha zako za gari hilo, kujua kama ni umbo la Lancia au la Ferrari, mimi ningeanza ubavuni, kati ya magurudumu. Ukiona mwanya kati ya matangi ya mafuta ya pembeni na bodi, hilo ni umbo la awali la Lancia, zuri ajabu. Ferrari baadaye waliyaunganisha na bodi, mafuta wakayahamishia nyuma. Nembo usiitegemee, hubandikwa tu.