Sabufa kwenye redio iliyokuja na gari inakaa vizuri tu

Kuna mdogo wangu wa Masasi kanitumia meseji, hela ya korosho imeingia, ana IST, anataka bezi ila redio ya gari hataki kuitoa na fundi kamwambia haiwezekani. Inawezekana mdogo wangu! Mimi hapa Shangani nikipita hawaulizi nani kapita.

Maneno hayohayo niliambiwa na mimi, tena mbele ya wateja. Fundi mmoja akacheka, eti redio ya Kijapani haina hata matundu ya RCA, yale ya kuchomeka waya za kupeleka sauti kwenye amplifaya, kanunue redio ya Android kwanza ndo uje tuongee. Iliniuma, siwezi kuficha. Sawa haina matundu, spika za nyuma je, hazina waya? Sasa hivi nasikia nayeye anafunga hivyohivyo, hata salamu hanipi.

Unachukua sauti kwenye waya za spika za nyuma unapeleka kwenye konvata, kile kiboksi kinachogeuza sauti ya spika iwe ya RCA, halafu waya za RCA zinaenda kwenye amplifaya, na kama amplifaya yako inapokea waya za spika moja kwa moja basi konvata ya nini. Hujui chanya ipi? Chomoa soketi ya redio, gusisha betri ya saa ya ukutani kwenye waya mbili za spika mara moja, spika ikitoka nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya. Waya wa rimoti, ule wa kuiamsha amplifaya, utoe kwenye fyuzi inayopata moto ukiwasha switchi tu, la sivyo asubuhi utasukumwa.

Ila vijana hamsikii, mnakimbilia sabufa mbili za inchi 12 halafu waya mnanunua wa bei ya kutupa. Kwangua na wembe, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, mrudishie mwenyewe. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, maana inalinda ule waya usije ukachoma gari, amplifaya ina fyuzi yake. Waya wa ethi, ule hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, kwangua rangi mpaka bati lionekane, funga, paka grisi juu, chumvi ya bahari ya hapa kwetu haina huruma. Waya wa pawa upite upande huu wa gari, RCA upande ule, vikilala pamoja utasikia mluzi kila ukikanyaga mafuta.

Lopasi, ile ya kuachia bezi tu ipite, weka 80 Hz. Na gein, ile ya kulinganisha amplifaya na redio, sio volyumu jamani, anza nayo chini kabisa, redio ipandishe robo tatu, gein pandisha taratibu, sauti ikianza kukwaruza rudisha kidogo, uiache hapo.