Mboga moja, ugali wa mmoja
Dada, kuacha kwako ugali ili kupunguza wanga kusikufanye upike vyakula viwili kila jioni kwa sababu mumeo bado anautaka. Pika mboga moja ya kushiba, mfano samaki wa nazi na mchicha, kisha songa ugali wa mtu mmoja. Wewe weka kabichi iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo na kitunguu. Inabeba mchuzi vizuri sana, na hata yeye ataionja. Viazi usivitie kwenye mchuzi, vichemshe pembeni ajipakulie. Maharage nayo yana wanga, chota kidogo. Ila kama unatumia dawa za kisukari, tafadhali ongea na daktari kwanza, maana ukipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka mno.