Re: Zabuni 3 za usafi, zote nimetolewa hatua ya awali

Habari ndugu. Unasema bei yako ilikuwa ya chini kuliko za wenzako, lakini zabuni zote 3 zimekwama hatua ya awali. Basi usiguse bei kwanza. Hatua hiyo hukagua kama nyaraka zimekamilika na masharti yametimizwa. Bei hulinganishwa baadaye.

Mimi nilitolewa mara 2 hivyohivyo. Dhamana ya zabuni (hakikisho, mara nyingi la benki, kwamba hutajitoa) iliisha muda siku chache kabla ya tarehe iliyotakiwa, na safari ya pili fomu moja haikuwa na sahihi. Iliniuma, maana kazi yenyewe niliiweza kabisa.

Anza na barua ya kukataliwa. Kama haitaji sababu, omba maelezo kwa maandishi, na uombe mapema kwa sababu muda wa kukata rufaa huwa mfupi. Kisha rudi kwenye kabrasha la zabuni, pigia mstari kila penye "lazima", na pembeni andika ukurasa wako unaojibu sharti hilo. Mpe mtu mwingine akague, kwani macho yako yameshazoea makosa yako.

Kama kikwazo ni uzoefu, ingia ubia au chukua sehemu ya kazi chini ya kampuni kubwa, kisha udai barua ya kukamilisha kazi. Barua hiyo ilinisaidia kuliko kushusha bei. Tena ukishusha bei mno utabanwa, kwani kama zabuni ni ya serikali malipo yanaweza kuchelewa, na mishahara ya wafanyakazi haisubiri.

Tuwekee hapa sababu walizokupa, majina uyafiche, tuzipitie pamoja.