Kuwanyatia bata kwenye hori za Massachusetts: tazama maji kabla ya bunduki

Ndugu yangu, umeuliza kama bata wa vinamasi vya chumvi kaskazini ya Boston wanawindika kwa miguu tu, bila mashua wala bata wa plastiki wa kuwavutia, na kwa nini kila ukikaribia hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia kinamasini, unakuta wameshapaa. Mimi nakaa Lowell, na msimu wa baridi huenda Great Marsh, kinamasi kikubwa cha chumvi, upande wa Newbury na Ipswich. Wanawindika, tena vizuri. Nahisi wewe unakwenda wakati maji yamejaa.

Maji ya pale hupanda na kushuka karibu mita mbili na nusu. Yakijaa, hori hufurika hadi kwenye majani, bata anaelea usawa wa macho yako na anakuona toka mbali hata ukitambaa. Yakipwa, anashuka nayo, anabaki chini katikati ya kingo za tope zinazofika kimo cha mtu. Hakuoni. Mimi huingia maji yakishapwa nusu, na yakianza kurudi nami narudi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hori hukauka zaidi, lakini maji nayo hurudi kwa kasi, basi chungulia jedwali la maji kabla hujawasha gari.

Usitembee ukingoni. Ingia ndani ya majani hatua ishirini au thelathini, kata moja kwa moja toka kona hadi kona. Upande wa ndani wa kila kona mkondo hupungua nguvu na kuacha tope lililolala. Bata mweusi, aina ya bata mwitu wa huku, hupenda hapo, anadokoa konokono na kome wadogo. Upande wa nje ukingo huwa wima, na huo ndio wa kumjia. Hatua za mwisho piga magoti, tazama katikati ya majani na si juu yake. Kundi likiwepo, hakosi mmoja aliyeinua kichwa. Akinyoosha shingo na wengine wakaacha kula, simama upige, hakuna tena cha kusubiri.

Upepo napenda wa ubavuni. Ukitoka mgongoni unawapelekea mlio wa mabuti yakichomoka topeni. Ukinipiga usoni, bata huruka akiuelekea, yaani ananipa mkia. Zaidi ya mita thelathini na kitu simpigi, maana marisawa (vipunje vya bunduki) za chuma hupoteza nguvu haraka, na za madini ya risasi zimekatazwa kwa bata Marekani nzima tangu 1991.

Mjue kabla ya kufyatua. Bata mweusi na jike la bata kichwa kijani wanafanana wakiwa majini, na kiwango cha kila aina kwa siku hutofautiana. Akipaa, mweusi huonyesha weupe unaometa chini ya mbawa, na mwili wake ni kahawia iliyokolea. Na kama huna mbwa, usimpige yule atakayeangukia mkondoni maji yakiwa yanapwa. Atakwenda zake baharini, na sheria inakutaka umtafute.

Sasa mitaro. Miaka ya 1930 vinamasi vya pwani hii vilichimbwa mitaro mingi ya kupambana na mbu. Ni myembamba, imenyooka, majani yameifunika, na tope lake linaweza kukufika kiunoni. Beba fimbo ndefu, pima mbele yako, na ukivaa gambuti za kufika kifuani funga mkanda juu yake ili ukianguka zisijae maji. Kivuko ulichopita kikiwa cha magoti, saa mbili baadaye hakipitiki.

Wengi wetu tuliotoka Kenya, ambako uwindaji wa wanyama ulifungwa 1977, tunaona hili ni ujangili. Hapa ni halali ukiwa na kibali cha silaha, leseni ya uwindaji, stempu ya bata (hati ya kulipia uwindaji wake) ya jimbo na ile ya shirikisho ya dola 25. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu. Kaa futi 500 mbali na nyumba ya mtu. Kuna amri ya wakoloni ya miaka ya 1640 ambayo bado inampa kila mtu haki ya kuvua na kuwinda ndege kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa, hata kama ufuo una mwenyewe. Majani yaliyo juu ya alama hiyo ni ya mtu au ya hifadhi, kaombe ruhusa.

Na kwa aliyeuliza kuhusu kuchinja, kama bata wa bunduki ni halali kwa Mwislamu: mimi husoma Bismillahi kabla ya kufyatua, na ndege akiwa hai bado namchinja kwa kisu kilicho kiunoni. Aliyekufa kwa marisawa wanazuoni wanahitilafiana, muulize shehe wako. Bata wa Januari aliyeshiba konokono hunuka tope, kwa hiyo mchune ngozi, mlaze usiku kwenye ndimu na tangawizi, ndipo tui la nazi liingie.