Aliyeshika Nyaya Ndiye Asimame Mbele ya Majaji

Juzi mwalimu mmoja wa Likoni kaniandikia: "Mwalimu, wanafunzi wangu wanataka kutengeneza setilaiti ya kopo la soda kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Tuanzie wapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kopo letu la kwanza bado liko juu ya kabati langu hapa Tudor, limebonyea kitako.

Mwaka jana tulijiona tumefika. Watoto sita, kopo moja, ndani yake bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa, betri na kihisi cha mgandamizo wa hewa. Parachuti tuliishona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu wa Kongowea. Kopo haliendi angani; kazi yake ni kupima urefu wa kwenda juu: huku kwetu usawa wa bahari, ukipanda kila mita 8 hivi, mgandamizo hushuka hektopaskali 1, ndicho kipimo chake. Tukalidondosha kutoka paani, tarakimu zikawa zinateremka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Mlinzi wa shule alipiga makofi kutushinda sisi.

Kisha nikaharibu. Wa kuingia kwa majaji walikuwa wawili, nami nikachagua wenye Kiingereza cha kumwagika. Binti mmoja ni bingwa wa midahalo, usimchezee. Kijana aliyechomelea nyaya zote, ambaye maneno humtoka kwa foleni, nikamwacha nje alinde mabegi.

Walianza vizuri mno. Wakaeleza Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Wakafika hadi Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023. Ndipo jaji akauliza: "Nikilipeleka kopo hili Nairobi sasa hivi bila kulizima, litasoma mita ngapi?" Binti akajibu kwamba inategemea setilaiti iko wapi. Setilaiti yenyewe ni hilo hilo kopo mkononi mwake, jamani!

Jibu lilikuwa nje na mabegi: kama mita 1,700, kwa kuwa sifuri yetu tuliiweka Mombasa. Nilipomuuliza kijana kwenye matatu tukirudi, alijibu kabla sijamaliza swali, kisha akageukia dirishani. Ile shingo naiona mpaka leo.

Na jaji naye, nisiseme mengi, alituandikia kwenye karatasi: "Mradi wa mwalimu." Iliniuma. Mimi nilishona parachuti tu, tena upande mmoja.

Walimu wenzangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuache kuwapamba wasemaji. Aliyechomelea ndiye aseme, hata kwa kigugumizi, na kama hajazoea kusema, mzoesheni. Wetu tulimketisha kila Alhamisi, wenzake wakamrushia maswali mpaka akawa anawakasirikia. Na daftari liandikwe siku ile ile, hasa siku ya kushindwa. Jambo jingine ni chumvi ya hewa yetu: wiki moja kabla ya mashindano tulikuta miguu ya betri imeota kutu ya kijani. Siku hizi kopo linalala kwenye bakuli lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Lakini kubwa ni hilo la kwanza. Aliyeshika nyaya ndiye aingie.

Mwaka huu aliingia yeye. Akaulizwa kwa nini kopo linaanguka kwa kasi vile. Akanyamaza, nikahisi tumbo linanikata, halafu akasema: "Tundu la katikati ya parachuti nililikata kubwa mno. Nina vipimo vya matundu matatu." Akafungua daftari. Tumevuka hadi ngazi inayofuata, na nasema kwa majivuno kidogo, mnisamehe.

Wewe wa Likoni, Jumamosi tunadondosha tena, saa moja asubuhi kabla upepo wa bahari haujachachamaa. Vuka na feri ya mapema. Mwavuli mbovu tunao. Sindano waje nayo watoto.