Mkate wa jioni si chuki

Mdogo wangu, hawajakuchukia. Umeuliza kwa nini familia iliyokupokea huko Ujerumani inakuwekea mkate tu jioni, na kila mtu anajifungia chumbani. Nyumba nyingi huko chakula cha moto ni cha mchana. Jioni ni mkate, jibini na soseji, basi. Umekumbuka wali? Waombe jiko siku moja uwapikie pilau, ila usiache sufuria chafu hadi asubuhi. Na mlango uliofungwa si kununa. Bisha, subiri uitikiwe, ndiyo uingie.

Kinachowaudhi kweli ni takataka. Karatasi kwa kawaida pipa la bluu, maganda na mabaki ya chakula la kahawia, vifungashio vya plastiki la njano. Rangi hubadilika mji na mji, kwa hiyo muulize mama mwenye nyumba akuonyeshe. Chupa ya plastiki ya soda usiitupe, irudishe kwenye mashine ya dukani upate senti 25 zako. Kuanzia saa nne usiku teremsha sauti, hasa ukipiga simu nyumbani (sisi kwenye simu tunapayuka, tukubali). Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua vyako Jumamosi.